Dawa ya Kukaa Nayo: Ushauri kwa Wanaoishi na Endometriosisi

Droo ya meza yangu, hapa Kapsoya, Eldoret, ina historia ya miaka saba. Mna paketi tatu za tembe za kupanga uzazi ambazo sikuzimaliza. Mna kadi ya kliniki yenye tarehe za sindano nne, na mstari wa tano uko wazi. Mna maboksi matupu ya dienojesti, moja limejaa hesabu za bei nilizoandika kwa kalamu kwa nyuma. Hakuna dawa kati ya hizo iliyokuwa bandia. Zote zilinipunguzia maumivu. Nilizoziacha, niliziacha kwa sababu nyingine, na sababu hizo ndizo ninazotaka tuzungumze, dada yangu, kabla hujaanza kujaza droo yako.

Kwa anayelisikia jina hili mara ya kwanza: endometriosisi ni ugonjwa ambao chembe zinazofanana na zile za utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, kwenye ovari, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kwenye kibofu, na mara chache hata kifuani. Chembe hizo hulishwa na homoni ya estrojeni. Huvimba, huvuja damu isiyo na pa kutokea, na mwili huzizungushia makovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanao, yaani watu milioni 190 hivi duniani. Wakenya wengi walilijua jina hili kupitia kwa Njambi Koikai, mtangazaji tuliyemzoea kwa muziki wa reggae. Ugonjwa wake ulifika kwenye mapafu, mapafu yakawa yananywea, na mwaka 2018 akaenda kupasuliwa Atlanta, Marekani. Alifariki Juni 2024, akiwa na umri wa miaka 38. Wengi wetu hatufiki huko. Tunaugua kimya: siku tatu au tano za kujikunja kitandani kila mwezi, maumivu wakati wa haja kubwa, maumivu wakati wa kukutana na mume, uchovu usiosikia usingizi, na juu ya hayo yote maneno ya watu kwamba hedhi ni hedhi, kila mwanamke anaumwa.

Zamani ilikuwa lazima upasuliwe kwa matundu madogo, kamera iingizwe tumboni, ndipo daktari akutamkie jina la ugonjwa. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliotolewa mwaka 2022 umelegeza sharti hilo: dalili zikieleweka vizuri, daktari anaweza kuanzisha dawa za homoni bila kusubiri kisu, hata kama picha haikuonyesha kitu. Kwetu sisi hilo ni jambo kubwa. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, pale Nandi Road, hupokea wagonjwa kutoka Bonde la Ufa Kaskazini, Magharibi mwa Kenya na hata mashariki mwa Uganda. Mwenye maumivu ya kila mwezi asitegemee kwamba atapasuliwa wiki hiyo hiyo aliyofika. Dawa inaweza kuanza leo.

Sasa ipi? Wanawake wenzangu wakiniuliza, huuliza hivi: ipi ndiyo kali? Hata mimi nilianza na swali hilo. Jibu lake limekwisha kutafutwa, na watafiti wamelirudia mara nyingi. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya kulinganisha tembe ya dienojesti ya miligramu 2 kwa siku na sindano ya leuprolidi, sindano inayozima ovari kabisa, kwa wiki 24. Kwenye kipimo cha maumivu cha milimita 100, waliomeza tembe walishuka kwa milimita 47.5, waliodungwa wakashuka kwa milimita 46. Ni sawa kwa sawa. Tofauti ilikuwa kwingine: waliodungwa ndio walioteswa na joto la ghafla na kupoteza uzito wa mifupa, na waliomeza tembe ndio waliosumbuliwa na damu isiyo na ratiba.

Mwaka 2024, Waingereza nao wakachapisha utafiti wa wanawake 405 waliokuwa wamepasuliwa endometriosisi. Baadhi walipewa tembe za kawaida za kupanga uzazi, wengine sindano ya miezi mitatu au kitanzi chenye homoni. Baada ya miaka mitatu, maumivu yalikuwa yamepungua kwa takriban asilimia 40 pande zote mbili. Waliokuwa na sindano au kitanzi walihitaji kwa uchache zaidi kurudi kupasuliwa au kubadilishiwa matibabu, na hilo ni la kupima. Lakini kwa maumivu yenyewe, hakuna upande ulioshinda.

Niliposoma hayo ndipo nilipoielewa droo yangu. Kama dawa hizi zinakaribiana kwa kupoza maumivu, basi kinachoamua ni mwili wako, mfuko wako, mipango yako ya kuzaa, na lile ambalo uko tayari kuishi nalo kila siku. Maana hizi si dawa za siku tano. Haziponyi ugonjwa, zinaulaza. Ukiacha, kwa wengi maumivu hurudi baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo tafuta dawa unayoweza kukaa nayo mwaka, miaka miwili, mitano.

Nianze na tembe za kawaida za kupanga uzazi, zenye homoni mbili, estrojeni na projestini. Ni rahisi kupatikana: Femiplan kemisti, na zile za paketi ya tembe 28 katika vituo vya serikali. Itazame paketi hiyo ya 28 kwa makini. Tembe 21 zina homoni. Zile 7 za rangi ya kahawia hazina, zina madini ya chuma tu, na ukizimeza unapata hedhi. Kwa mwanamke mwingine hiyo ni sawa kabisa. Kwako wewe, wiki ya tembe za kahawia ndiyo wiki ya mateso. Muulize daktari kama unaweza kuziruka na kuanza paketi mpya moja kwa moja, miezi mitatu mfululizo au zaidi, ili hedhi isije. Njia hiyo inakubalika na haina madhara ya ziada, lakini mwambie sista anayekupa dawa, kwa sababu paketi yako itakwisha kwa siku 21, na usipomweleza atadhani unazigawa.

Kichefuchefu cha wiki za kwanza hupungua ukimeza baada ya chakula cha jioni, ukaenda kulala. Maziwa kuuma na matone ya damu hutulia baada ya paketi mbili tatu. Lakini kuna watu ambao tembe hizi si zao: mwenye presha, aliyewahi kupata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, anayevuta sigara akiwa amepita miaka 35, anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, na mwenye kipandauso cha kuona vimulimuli kabla kichwa hakijaanza kuuma. Huyo wa mwisho nilikuwa mimi. Nilinunua tembe zangu za kwanza kemisti, sikuulizwa hata swali moja, na kwa miezi miwili niliona nyota za fedha upande mmoja wa jicho nikidhani ni njaa. Ile ni alama ya hatari ya kiharusi kwa anayetumia estrojeni. Kama wewe huona vimulimuli hivyo, usisubiri kuulizwa. Sema.

Zinazofuata ni dawa zenye projestini peke yake, bila estrojeni, na ndizo nyingi. Ya kwanza kwa umaarufu ni sindano ya miezi mitatu, Depo-Provera. Hakuna zahanati isiyoijua. Baada ya mwaka mmoja, zaidi ya nusu ya wanaodungwa hawaoni hedhi tena, na kwa mgonjwa wa endometriosisi hiyo ni rehema. Siku zangu za kujikunja ziliisha. Nilikwenda kazini siku zote za mwezi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nimalize shule. Basi kwa nini mstari wa tano uko wazi?

Kwanza, matone. Miezi mitano ya kwanza sikujua siku ya kuvaa nguo nyeupe. Pili, kilo: niliongeza tisa, na si kila mtu huongeza, lakini wanaoongeza huonekana mapema. Tatu, na hili ndilo ambalo ningetaka niambiwe siku ya kwanza, sindano hii haiondolewi. Ukishadungwa, umedungwa, ikikukataa utaivumilia hadi iishe. Hata ukiiacha, rutuba huchelewa kurudi. Kwa wanaopata mimba baada yake, nusu yao huchukua zaidi ya miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Nilikuwa na umri wa miaka 31, mama mkwe ameanza kuuliza, na hesabu hiyo ilinitisha.

Nne ni mifupa. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye sindano hii kwamba hupunguza uzito wa mifupa, na kwamba isitumiwe kupita miaka miwili ikiwa kuna njia nyingine inayofaa. Sehemu kubwa ya mfupa hurudi baada ya kuacha. Hata hivyo msichana wa miaka 15 au 16, ambaye mifupa yake bado inajengwa, asidungwe bila mazungumzo marefu. Ipo pia ile ndogo ya kuchoma chini ya ngozi, Sayana Press, ya miligramu 104, ambayo unaweza kufundishwa ujidunge mwenyewe nyumbani. Mwaka 2006 ililinganishwa na leuprolidi: maumivu yakapungua sawa. Lakini leuprolidi ndiyo iliyoila mifupa zaidi. Na mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba waliodungwa Depo-Provera kwa mwaka mmoja au zaidi wana hatari iliyo kubwa mara kadhaa ya kupata uvimbe kwenye utando wa ubongo. Uvimbe huo ni nadra. Lakini kichwa kinachouma kwa namna mpya, au macho yanayofifia, visipuuzwe.

Norethisteroni, ambayo Wakenya wanaifahamu kwa jina la Primolut N, ni tembe ambayo wengi huijua kwa kuahirisha hedhi wakati wa harusi au safari ya Hija. Kwa endometriosisi humezwa kila siku, miezi mingi, kwa kipimo cha daktari. Inafanya kazi na haina bei ya kutisha. Wengine huwapa chunusi, nywele kidevuni, au njaa isiyoisha. Kwa kipimo kikubwa mwili hugeuza sehemu yake kuwa estrojeni, kwa hiyo aliyewahi kupata bonge la damu asiichukulie kuwa salama kwa sababu tu ameambiwa haina estrojeni. Ninaona wasichana wakiinunua wenyewe kemisti mwezi hadi mwezi. Nawasihi waache hilo, wapimwe kwanza.

Dienojesti, iliyokuja kwa jina la Visanne na sasa ina majina mengine ya bei nafuu kidogo, ndiyo niliyo nayo sasa, mwaka wa tatu. Imeidhinishwa mahsusi kwa ugonjwa huu. Tembe moja, saa ile ile kila siku, bila mapumziko. Miezi minne ya kwanza nilivuja matone karibu kila wiki na nilikuwa karibu kuitupa. Mwezi wa tano yakakoma. Ninachowaonya wenzangu nacho ni moyo: baadhi ya watumiaji huingiwa na huzuni nzito, na aliyewahi kuugua sonona lazima amwambie daktari kabla ya kuanza. Mume wangu nilimpa kazi moja, aniambie akiniona nimebadilika, kwa sababu mwenye huzuni huwa wa mwisho kujua. Jambo jingine, kibali chake si cha kupanga uzazi. Inazuia yai kwa wengi, lakini usiitegemee. Kama hutaki mimba tumia kondomu. Kuhusu bei, ni mara nyingi ya bei ya tembe za kawaida, na hutofautiana kutoka kemisti moja hadi nyingine kwenye barabara ile ile ya Uganda Road. Uliza katika maduka matatu. Kabla hujaanza, piga hesabu ya miezi sita, si ya mwezi mmoja, kwa sababu dawa unayoikatiza kila mwisho wa mwezi mshahara ukichelewa haitakusaidia.

Kitanzi chenye homoni, Mirena na wenzake, hukaa ndani ya mji wa mimba na kutoa projestini kidogo kidogo kwa miaka. Kwa kuwa dawa nyingi hubaki pale pale, mwili mzima hausumbuki sana. Hakuna cha kukumbuka asubuhi. Kukiweka kunauma, hasa kwa ambaye hajazaa, na miezi mitatu hadi sita ya kwanza damu haina mpango. Hakizuii yai kutoka kwa kila mtu, hivyo mwenye uvimbe wa endometriosisi kwenye ovari anaweza kuhitaji kitu kingine. Usikichanganye na koili ya shaba. Ile haina homoni na inaweza kuongeza damu na maumivu. Wanawake wenye ugonjwa wetu wamewekewa ile wakidhani ni hii. Uliza kwa jina. Vijiti vya mkononi navyo vinapatikana katika vituo vya serikali, na mwaka 2018 watafiti wa Brazil walionyesha kwamba kijiti kimoja cha etonojestreli kilipunguza maumivu sawa na kitanzi chenye homoni. Kijiti kina heri ambayo sindano haina: kikikukataa, hutolewa siku hiyo hiyo.

Halafu kuna zile nzito, Zoladex, leuprolidi na Decapeptyl. Hizi huzima ovari na kukuingiza katika hali ya mwanamke aliyekoma hedhi. Wiki mbili za kwanza maumivu yanaweza kupanda kabla ya kushuka; ukijua mapema hutaogopa. Kisha joto la ghafla usiku, hata huku kwetu Eldoret ambako tuko mita 2,100 juu ya bahari na tunalala na blanketi mbili. Ukavu ukeni, usingizi wa vipande, viungo kuuma, na mifupa kupungua. Kwa sababu hiyo hutolewa kwa muda, kwa kawaida miezi sita, na daktari mzuri huongeza kipimo kidogo cha homoni nyingine ili kukukinga. Kuongeza huko hakuharibu kazi ya sindano. Kama umeandikiwa Zoladex na hakuna aliyekutajia kinga hiyo, uliza kabla ya kudungwa mara ya pili. Nchi tajiri sasa zina tembe za aina hiyo. Elagolix iliidhinishwa Marekani mwaka 2018, na relugolix iliyochanganywa na homoni za kinga mwaka 2022. Kwa wengi wetu bado ziko mbali na mfuko.

Danazoli ni ya kale, iliyotamba miaka ya 1970 na 1980. Hupoza maumivu, lakini hutoa ndevu, hunenepesha sauti, na sauti ikishakuwa nzito inaweza isirudi. Mwongozo wa 2022 hauipendekezi kwa ugonjwa huu. Akikuandikia mtu, tafuta maoni ya pili.

Na hapa nina neno kwa wakimbiaji wetu, kwa sababu nchi hii ya Eldoret, Iten na Kapsabet imejaa wasichana wanaoishi kwa miguu yao. Danazoli imo katika orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na letrozoli, ambayo baadhi ya madaktari huitumia kwa endometriosisi sugu, imo pia. Tembe za kupanga uzazi, dienojesti na kitanzi havimo. Norethisteroni haijakatazwa, lakini mwilini inaweza kuacha chembe za kitu kile kile kinachotafutwa kwa watumiaji wa nandroloni, kwa hiyo iandike kwenye fomu ya kipimo kila mara. Mwambie daktari kwamba wewe ni mwanariadha kabla hajashika kalamu. Kisha kumbuka mfupa: mkimbiaji mwembamba asiyekula vya kutosha, akiongezewa sindano inayopunguza mifupa, anakaribisha kuvunjika kwa uchovu. Maziwa, mursik, mboga za majani na omena si mapambo ya meza.

Sasa jambo ambalo, kwa nilivyoona, limewatoa wanawake wengi kwenye dawa kuliko kichefuchefu na kilo vikijumlishwa. Hedhi inapokoma, swali huja: damu inaenda wapi? Mama huuliza, jirani huuliza, na usiku wewe mwenyewe unajiuliza. Inasemekana inajaa tumboni, inageuka uvimbe, inaua kizazi. Nisikilize kwa makini. Damu ya hedhi ni utando uliojengwa na kubomoka. Dawa hizi huufanya utando huo usijengeke. Hakuna kilichojengwa, hakuna cha kubomoka, hakuna cha kutoka. Hakuna damu chafu iliyofungiwa. Ukiacha dawa, utando hujengwa tena na hedhi hurudi. Endometriosisi ndiyo inayoacha damu ikijikusanya mahali pabaya, na kukoma kwa hedhi ndiyo namna dawa inavyoizuia. Mweleze mama yako hivyo, na ikibidi nenda naye kliniki asikie kwa masikio yake.

Wenye dawa nyingine mwilini nao wana lao. Rifampisini ya kifua kikuu, na dawa za kifafa kama karbamazepini na fenitoini, huvunjavunja homoni za tembe na vijiti kabla hazijafanya kazi. Efavirenzi ya virusi vya ukimwi hufanya hivyo hivyo. Mwaka 2015 watafiti waliofuatilia wanawake wa magharibi mwa Kenya walionyesha kwamba waliokuwa na vijiti pamoja na efavirenzi walipata mimba zaidi ya waliokuwa na dawa nyingine. Wengi sasa wako kwenye dolutegraviri, ambayo haina ugomvi na homoni hizi. Taja kila dawa unayomeza, hata ile unayoificha.

Kuhusu mtoto: hakuna hata moja ya dawa hizi inayoongeza uwezo wa kushika mimba. Unapotaka kuzaa ndipo unapoziacha, na anayetafuta mtoto asipewe miezi sita ya Zoladex kwa ahadi kwamba itamsafisha. Wala mimba si tiba, hata kama shangazi wote wa ukoo wanasema zaa tu utapona. Lakini ugonjwa huu si hukumu ya utasa. Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, ambaye amesimulia hadharani upasuaji wake mwingi, alijifungua mtoto wa kiume mwaka 2017. Mwambie daktari mipango yako siku ya kwanza, kwa miaka: nataka mtoto mwaka huu, au baada ya miaka mitatu, au nimemaliza. Jibu hilo peke yake linaondoa nusu ya dawa mezani.

Namna ya kupima dawa yako ni daftari. La shilingi ishirini linatosha. Kila jioni andika namba ya maumivu, sifuri hadi kumi, kama damu imetoka na kiasi gani, umelala vipi, moyo ukoje, na kama ulikosa kazi au shule. Ipe dawa miezi mitatu kamili kabla ya kuihukumu, kwa sababu matone na kichefuchefu vingi huisha humo. Kisha soma kurasa. Maumivu yakishuka kutoka nane hadi tatu na ukavumilia mengine, baki nayo. Yakishuka lakini unalia kila asubuhi, au yakikaa pale pale baada ya miezi sita, badilisha. Kuna wanaohitaji kisu kwa vyovyote: mwenye uvimbe mkubwa kwenye ovari, au ugonjwa uliobana utumbo au mirija ya mkojo. Huyo asizungushwe kwa tembe miaka mitano.

Yapo mambo yasiyongoja miezi mitatu. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana na pumzi kukata, kupoteza uwezo wa kuona au kusema ghafla, macho kuwa ya manjano, kuloanisha pedi kila saa, mawazo ya kujiua. Hayo ni ya kwenda hospitali usiku huo huo, na uwaambie unatumia homoni gani.

Mzazi unayesoma haya, kama binti yako hukosa shule kila mwezi kwa sababu ya tumbo, usimpe panadoli ukamwambia atazoea. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake huchukua miaka 4 hadi 12 tangu dalili zianze hadi wajulikane wanaumwa nini. Mimi nilichukua kumi na moja. Mpeleke akiwa bado mdogo.

Na wewe uliye na paketi nusu kwenye droo, usiiache dawa kimya kimya ukarudi kujikunja kitandani kwa aibu kwamba imekushinda. Beba daftari lako, rudi kliniki, ukae mbele ya daktari umwambie: hii imenipunguzia maumivu lakini imenifanya hivi na hivi, ipo nyingine?

Ipo nyingine.